X-wing ya Bandai 1/72: nipake rangi yote au nitie wino wa mifereji tu?

Mchongoma
Habari zenu wakuu. Nina modeli ya X-wing T-65, ile ndege ya kivita ya angani kwenye filamu za Star Wars, ya Bandai, skeli 1/72, ile ya kubana vipande bila gundi. Plastiki imekuja na rangi zake, kwa hiyo nafikiria kuiacha ilivyo, nipitishe wino mweusi wa mafuta kwenye mifereji ya paneli, nibandike alama, basi. Je, hiyo inatosha ili isionekane ya kuchezea? Nikipaka rangi, mabawa yanayofunguka na kufungwa hayatakwaruzana? Na je, michirizi ya buluu badala ya nyekundu inakubalika? Nipo pwani, nina spreyi za kopo na brashi ya hewa yenye nozeli ya 0.3 mm.

FundiSkeli
Mkuu, tuanze na wino, maana ndio unaoua modeli nyingi za Bandai. Wino wa enameli, kama Panel Line Accent ya Tamiya, una kiyeyushi kinachoshambulia plastiki iliyo kwenye mkazo. Modeli ya kubana imejaa mkazo, kwa kuwa kila pini imelazimishwa kuingia kwenye tundu linaloibana. Ukigusisha wino kwenye mwanya, unavutwa hadi ndani kwenye pini, na baadaye kipande kinapasuka chenyewe bila kuguswa. Kwenye X-wing chunga zaidi panapokaa ekseli ya mabawa na pale mizinga minne ya leza inapochomekwa. Soma pia herufi zilizochapwa kwenye fremu ya vipande. Zinataja aina ya plastiki. Zikiwa ABS, ongeza tahadhari. PS (polistairini) huvumilia zaidi, lakini ikibanwa nayo hupasuka.

Kwa hiyo, tia wino vipande vikiwa bado havijaunganishwa, na kabla yake tanguliza vanishi ya kung'aa: X-22 ya Tamiya na thina yake ya akriliki, X-20A, kwa kiasi sawa, koti mbili nyembamba, kisha iache saa 24. Ziada ifute kwa pamba ya masikio yenye unyevu kidogo wa thina ya enameli. Pamba ikichuruzika, umerudi kwenye hatari ileile. Kama hutaki kupaka chochote, tumia penseli ya HB iliyochongwa vizuri. Thina kali ya NC (nitroselulosi) ya madukani na asetoni ya kuondolea rangi ya kucha usizisogeze hata karibu, zinayeyusha polistairini.

Na wino usiwe mweusi. Juu ya mwili mweupe unafanya kila mfereji upige kelele. Kijivu au kahawia iliyokolea ndiyo inayofaa.

NyotaYaKusi
Naunga mkono yote ya FundiSkeli, ila kwa maoni yangu paka rangi. Plastiki tupu ina mng'ao wake na hupitisha mwanga kidogo kwenye kingo nyembamba, na jicho linagundua mara moja kwamba kitu ni kidogo. T-65 ina urefu wa mita 12.5 kwa vitabu vya zamani, kwa hiyo kwenye 1/72 unapata sentimita 17 na nusu hivi. Kwa umbo dogo namna hiyo, rangi ndiyo inayoleta ukubwa.

Hii ndege si nyeupe. Ilichorwa mwanzo na Colin Cantwell, na modeli za kurekodia filamu ya 1977 zilijengwa na Industrial Light & Magic, studio ya athari za filamu. Weupe wake umechakaa, una kijivu na umanjano kwa mbali, na paneli mojamoja zina rangi tofauti kidogo na jirani zake. Kwa kopo, AS-20 ya Tamiya inakaribia sana. Kwa brashi ya hewa changanya rangi za Tamiya: sehemu 20 za XF-2 (nyeupe), 1 ya XF-57 (kahawia hafifu ya manjano) na 1 ya XF-19 (kijivu). Mchanganyiko huo upunguze kwa thina, sehemu moja ya rangi kwa moja na nusu ya X-20A, presha baa 1 hadi 1.2, umbali sentimita 8 hadi 10. Praima, yaani rangi ya msingi, iwe ya kijivu hafifu, kwa sababu praima nyeupe inaficha mikwaruzo ya msasa ambayo utaiona ukiwa umeshachelewa.

Mchanganyiko uliobaki usiumwage. Ongeza tone la XF-57 kwenye sehemu yake, tone la XF-19 kwenye nyingine, ziba paneli kadhaa kwa tepu ya karatasi na upulize kidogo sana. Tofauti ikionekana kutoka upande wa pili wa chumba, umezidisha.

Kuhusu buluu: filamu ya kwanza ya Star Wars ilirekodi modeli mbele ya skrini ya buluu, na chochote cha buluu kwenye modeli kingefutika pamoja na skrini. Ndiyo maana kikosi cha marubani kilichokusudiwa kuitwa Blue kikawa Red. Lakini Rogue One ya 2016 iliwaleta marubani wa Blue Squadron kwenye vita vya Scarif, wakiwa na X-wing zenye alama za buluu. Kwa hiyo buluu ni halali kabisa. Sharti langu moja: usimwache roboti R2-D2 nyuma ya rubani, huyo ni wa Luke Skywalker na ndege yake, Red Five. Mpake droidi huyo rangi nyingine, tuseme kijani au chungwa, na alama za Red Five zibaki kwenye karatasi yake.

Bawa_la_Nne
Mabawa yatakwaruzana kama utapaka kila mahali. Kila koti inaongeza unene, na ekseli imepimwa kwa plastiki tupu. Kabla ya praima ziba kwa tepu nyuso zote zinazosuguana: ekseli yenyewe, matundu yake, na sehemu ya shina la bawa inayoingia mwilini. Hizo zibaki bila rangi, hazionekani. Kisha jaribu kuunganisha pakiwa pakavu. Ukihisi ugumu, kwangua ndani ya tundu kwa msasa namba 800 uliozungushwa kwenye kijiti cha meno, zungusha mara mbili tatu, jaribu tena. Ukilazimisha, kinachovunjika ni pini.

Nyuso za ndani, bawa la juu linapokutana na la chini, zipe koti chache tu na usifunge mabawa kabla rangi haijakauka siku mbili tatu. Rangi ambayo haijakomaa ikigandamizwa hushikana na kubanduka.

Mizinga ya leza iunganishe mwisho kabisa. Ni myembamba, na kila unapogeuza mwili mkononi unaihatarisha. Unapoikata kwenye fremu, kata kwanza mbali, ukiacha milimita 2 au 3, halafu kata ya pili iwe karibu, kisha msasa 400, 600, 1000. Koleo likikata karibu mara moja, plastiki inavutika na kuacha doa jeupe au shimo.

Mchongoma
Asanteni sana, nimeshawishika kupaka, na buluu nitaiweka. Je, alama: stika au zile za maji? Na unyevu wa huku nitaufanyaje?

FundiSkeli
Stika ziache, unene wao unaonekana. Za maji ni bora, ila zibandike juu ya vanishi ya kung'aa. Juu ya uso mkavu usiong'aa hewa hunaswa chini yake na alama inageuka ya fedha. Dawa za alama: Mark Setter (ya kushikiza) chini, Mark Softer (ya kulainisha) juu. Ikikunjamana usiiguse, itajinyoosha yenyewe ikikauka.

Michirizi mikubwa ya mabawa lakini ipake, na kwako buluu hata haipo kwenye karatasi. Toa fotokopi ya karatasi ya alama kwa asilimia 100, tumia michirizi ya kwenye fotokopi kukatia tepu, utapata vipimo kamili. Ukitaka ionekane imebanduka, pulizia spreyi ya nywele juu ya weupe uliokwisha kupata vanishi, halafu buluu ya akriliki, na ndani ya nusu saa sugua kingo kwa brashi yenye maji na kijiti cha meno. Ukichelewa hadi kesho, haibanduki vizuri. Anzia ukingo wa mbele wa bawa, ndiko kunakochakaa kwanza.

Unyevu unasumbua zaidi spreyi za kopo. Kiyeyushi kinapovukiza kinapoza uso, maji ya hewani yanagandia hapo na rangi inapata ukungu mweupe. Nunua kipima unyevu cha bei nafuu, na ukisoma zaidi ya asilimia 70 usipulize. Alfajiri pwani ni mbaya. Adhuhuri siku isiyo na mvua unyevu hushuka. Akriliki kwa brashi ya hewa inasamehe zaidi, lakini weka kichujio cha maji kwenye bomba la kompresa, la sivyo itakutemea matone katikati ya paneli.

NyotaYaKusi
Nyongeza kuhusu kanopi, kifuniko cha juu ya rubani. Kisanduku kina mbili, ya kioo na ya fremu tupu. Ukichagua ya kioo, usiibandike kwa supaglu, mvuke wake unaacha ukungu mweupe. Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Na vanishi ya kufifisha, XF-86, ipulize kwenye ndege yote kabla hujaiweka kanopi mahali pake. Masizi ya kwenye midomo ya injini na ncha za mizinga yatie baada ya hapo, kwa unga wa pasteli mweusi na kahawia, kwani kwenye uso unaong'aa unga haushiki.

Bawa_la_Nne
Na rubani mpake kabla ya kuunganisha nusu mbili za pua. Ana milimita 25 tu akisimama, na ukishafunga pua brashi haimfikii.