Tupeane uzoefu: Askari mliopangiwa visiwani, mliumwa nini na mlitibiwaje?

Wakuu, salaam. Mdogo wangu amepata uhamisho, anakwenda kuripoti kisiwa kimoja Ziwa Victoria. Mimi nimewahi kukaa hukohuko kwa kazi hiyohiyo, ila najua ya ziwani tu. Walioko baharini nao waseme, anayepanda boti ajue kinachomsubiri. Naanza.

Kwetu adui alikuwa kichocho. Kambini hakuna bomba; maji ya kuoga, kufua na kupikia yote ya ziwa, na kila siku unaingia hadi magotini kusukuma boti. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono mchana jua likiwaka, vinapenya ngozi hata isiyo na mchubuko. Mwenzetu alianza na tumbo. Akapewa dawa ya minyoo, ya amiba, ya taifodi, hali ileile. Aliposhuka mjini akapimwa choo, ndipo mayai ya kichocho yakaonekana. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba tulipomaliza zamu hakuna aliyetuita kutupima. Na ukimeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, wiki ileile unayoondoka, minyoo michanga haifi. Kapime na umeze tena baada ya wiki sita hadi nane. Mdogo wangu nimemwambia maji ya kuoga yachotwe, yalale siku mbili kwenye pipa lenye mfuniko.

Mchangiaji, Pemba:
Sie tabu yetu upepo. Kusi likikaza mwezi wa sita, wa saba, boti ndogo haitoki, na presha haingoji kusi lipoe. Mkubwa wetu wa kazi vidonge vilikaribia kumwishia, akawa anaruka siku ili vimfikishe. Tukamkuta asubuhi mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki. Alivushwa bahari ilipolegea. Alhamdulillahi yu hai, lakini mkono wa kushoto haushiki kikombe. Mimi sasa kabla ya kusi nasimama dirishani mpaka nipewe dawa za miezi mitatu.

Mke wa askari, Mombasa:
Mume wangu alikuwa visiwa vya upande wa Lamu. Kilichomtesa ni jino. Shavu lilifura hadi jicho likafunga, wenzake wakataka kuling'oa kwa koleo la fundi. Lile jino lilikuwa limetoboka hata kabla hajaondoka nyumbani, daktari wa meno angeliziba kwa nusu saa. Na kuna jingine wanaume hawa hawasemi. Kila akipiga simu ni "niko sawa", kumbe usiku halali, anakaa nje mpaka kuche. Wa kumwangalia jino alipatikana hatimaye, lakini wa kuketi naye akamsikiliza hakupatikana.

Muuguzi wa kikosi, mstaafu:
Vijana, mtu akichomwa na mwiba wa samaki taa, jeraha msilikate wala kulinyonya. Mguu utie kwenye maji ya moto anayoyavumilia (jaribuni kwanza kwa kiwiko chenu) mpaka maumivu yatulie, hata saa nzima na nusu. Sumu yake huvunjwa na joto. Kisha sindano ya pepopunda. Sumu ya kasa, kobe wa baharini, ni kinyume, haivunjwi na moto hata mpike kutwa. Machi 2024 kisiwani Panza, Pemba, walikufa watu tisa kwa nyama yake, wanane wakiwa watoto. Wenyeji wakikuletea kwa wema, shukuru na usile.

Halafu, mgonjwa mwamulieni mapema. Maumivu yakianzia kitovuni yakahamia chini kulia, au mwenye malaria akianza kuweweseka, mpigie dereva wa boti saa tisa alasiri. Msingoje saa tatu usiku.

Mwanzisha mada:
Afande muuguzi, shikamoo. Petroli ya kumvusha mgonjwa kwenu ilitengwa? Sisi tulikuwa tunachangishana huku mtu anatapika.

Muuguzi wa kikosi, mstaafu:
Marahaba. Ilitengwa, madumu mawili ndani ya stoo ya dawa. Ufunguo nilikaa nao mimi, si watu wa doria.