Makala ya Kiswahili inasomwa kwa matamshi ya Kiingereza: nifanyeje?

Mwanzisha uzi:
Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Ninatunza tovuti ya makala za afya kwa Kiswahili, na juzi msomaji asiyeona aliniandikia kwamba NVDA, programu inayomsomea yaliyomo kwenye skrini, inayatamka maandishi yangu kama Kiingereza: "pole" inatoka kwa silabi moja, "wake" vivyo hivyo, hata anashindwa kufuata sentensi. Imenisikitisha sana, kwa kuwa makala hizo niliziandika nikiwafikiria watu kama yeye. Kosa liko kwangu au kwenye programu yake?

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu, fungua msimbo wa ukurasa uitazame tegi ya html iliyo mwanzoni. Violezo vingi huja na lang="en", yaani lugha ni Kiingereza, na watu hubadilisha maandishi yote wakaiacha hiyo ilivyo; programu nayo huamini ilichoambiwa. Andika <html lang="sw">. Usiweke "ke" wala "tz", maana hizo ni alama za nchi, si za lugha. Anayetaka kutaja nchi huandika sw-KE au sw-TZ, ingawa "sw" peke yake inatosha. Ni kigezo cha 3.1.1 cha WCAG 2.0, mwongozo wa mwaka 2008 wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, tena cha ngazi A, ambayo ndiyo ya chini kabisa.

Mwanzisha uzi:
Ahsante, ndugu. Nimeikuta "en" kweli. Je, makala zenye aya nzima za Kiingereza nilizonukuu?

Mchangiaji wa pili:
Kila aya ya namna hiyo itajiwe lugha yake, kwa mfano <blockquote lang="en">, kama kigezo cha 3.1.2 kinavyotaka. Majina ya watu na istilahi za kitaalamu ziache, kwani sauti inayobadilika katikati ya sentensi kwa ajili ya neno moja humchosha msikilizaji. Jambo jingine ambalo mara nyingi husahaulika: tegi haisaidii ikiwa kompyuta ya msomaji haina sauti ya Kiswahili. Mwombe achague eSpeak NG, programu ya sauti ambayo huja pamoja na NVDA na inakijua Kiswahili.

Mwanzisha uzi:
Nimerekebisha kiolezo, naye amebadilisha sauti. Ameniandikia leo asubuhi kwamba "pole" sasa ina silabi mbili. Zimebaki nukuu za Kiingereza, ambazo nitazipitia moja moja.