Filamu fupi ya dakika 12, Maskati na Toronto: picha, sauti na neno "kwetu"

BahariMbili
Wadau, salaam. Tunatengeneza filamu fupi ya bibi mzaliwa wa Unguja anayeishi Maskati na mjukuu wake aliyekulia Toronto. Hawaonani, wanatumiana sauti za WhatsApp tu. Tunapiga kwa simu pande zote mbili. Picha za Toronto zinamemeta chini ya taa za jikoni, sauti inaachana na mdomo baada ya dakika chache, na kanda ya VHS ya harusi (Maskati, 1994) ikichezwa Toronto inaruka na kukosa rangi. Halafu bibi akisema "kwetu" au "nyumbani", tafsiri ya Kiingereza imeyawekea yote mawili neno moja, "home". Tusaidieni.

FundiLenzi
Kumemeta kunatokana na umeme: Oman ni hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), Kanada 60. Pigeni kote kwa fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) iwe sekunde 1/50 Maskati na 1/60 Toronto. Tumieni programu ya kamera inayokubali kufunga shata na rangi visibadilike.

Sauti inaachana kwa sababu simu hubadilisha idadi ya fremu katikati ya kurekodi. Kabla ya kuhariri, pitisheni kila faili kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, mchague fremu 25 zisizobadilika. Na mkitumiana kwa WhatsApp, tumeni kama dokumenti. Ikienda kama video inabanwa na ubora haurudi tena.

Kanda yenu ni PAL, deki ya Toronto ni NTSC, mifumo miwili ya video isiyoelewana. Igeuzeni kuwa faili ya dijitali hukohuko Maskati.

SikioLaPwani
Sauti za WhatsApp msizisafishe. Zichezeni kwenye spika ya simu ndani ya jiko la mjukuu, mzinase upya kwa maikrofoni, zitasikika kama zimo ndani ya chumba.

Bibi anapoonekana akizungumza, naseni WAV (faili ya sauti isiyobanwa) ya 48 kHz, maikrofoni iwe sentimita 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipige. Zimeni kiyoyozi na friji. Funguo za gari ziwekwe ndani ya friji, hataondoka mtu kabla ya kuiwasha. Kisha naseni sekunde 60 za ukimya wa chumba hicho, mtauhitaji kuziba mapengo.

Taarabu inayosikika kwenye kanda ya harusi inataka vibali viwili: cha mtunzi na cha mwenye rekodi. Kama ni wimbo wa Zanzibar, anzieni COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar, tena kabla ya kuhariri kwa kufuata mapigo yake.

Mkalimani
Hapo kwenye "kwetu" ndipo filamu yenu ilipo. "Nyumbani" ina nyumba ndani yake, "kwetu" ina watu. Sikilizeni pia mjukuu: akiuliza "kwenu hali ya hewa vipi?" ameshajitoa, na bibi atalisikia hilo. Tafsiri ikilifuta, mtazamaji hatajua kwa nini bibi amenyamaza. "Kwetu" liacheni kwa Kiswahili tangu mara ya kwanza, pale picha inapoonyesha Unguja. Maandishi mengine ya tafsiri yasizidi herufi 42 kwa mstari, mistari miwili, herufi 17 kwa sekunde.

BahariMbili
Ahsanteni sana. Mwishoni bibi anasema "kwetu" akiangalia dirisha la Maskati. Hapo tutafsiri?

Mkalimani
Hapana. Mtazamaji atakuwa ameshalisikia, na sasa anaona limehama.