Darubini ya kupigia picha kwa simu: 8x42, 10x42 au 10x25?

Mwewe: Wakuu, nataka kununua darubini ya macho mawili, ya kutazamia na pia ya kupigia picha kwa simu. Nimebaki na tatu: 8x42, 10x42 na ile ndogo ya 10x25 (namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita). Moyo uko kwenye 10x25 maana inaingia mfukoni. Naagiza wiki hii, nishaurini.

Kurunzi: Hujasema simu gani, unapiga nini, wala kama una stendi ya miguu mitatu. Tukushauri kwa lipi?

Mama Tai: Hata kabla hajajibu, hiyo 10x25 aiache. Gawa 25 kwa 10: mwanga unaotoka upande wa jicho una kipenyo cha milimita 2.5 tu. 8x42 inatoa zaidi ya 5. Simu ikisogea kidogo kwenye tundu dogo, nusu ya picha inakuwa nyeusi. Mimi 8x42 siiachi.

Kipanga: Kwa heshima zote mama, 10x42 bado inatoa 4.2, na ndege anaonekana mkubwa zaidi.

Mama Tai: Na mtetemo wa mkono nao unakuzwa mara 10, mwanangu.

Kipanga: Ndiyo kazi ya stendi. Darubini nyingi za 42 zina tundu la skrubu kwa mbele, katikati pale zinapokunjiwa, limefunikwa na kizibo. Unafungua kizibo, unafunga kipande chenye umbo la L, unaipandisha kwenye stendi. Mtetemo kwisha.

Fundi Lenzi: Msimsahaulishe hatari ya zile za zumu, zinazobadilisha ukuzaji. Mimi muuzaji alinisifia 10-30x60, pamoja na kishikio cha bure cha kufungia simu kwenye darubini. Kwenye 10 ilionekana vizuri, ila eneo ni jembamba kama unachungulia kwenye mrija. Ukipandisha hadi 30, giza, na pande mbili haziendi pamoja: picha ya kushoto inashuka, ya kulia inapanda, macho yanauma. Nikachukua rula nikapima lenzi ya mbele. Hata milimita 40 haifiki, na ubavuni wameandika 60! Kishikio nacho ni plastiki tupu. Unakaza skrubu, unaachia mkono, simu inainama polepole kwa uzito wake mpaka kamera inatoka katikati, na kila picha ina hilali nyeusi pembeni. Nilipoirudisha wakakataa, eti boksi limeshafunguliwa. Inaniuma mpaka leo.

Kurunzi: Pole sana. Kishikio kiwe na taya za kubana zenye mpira. Kwa simu za lenzi tatu, weka kamera kuu kwenye tundu la jicho. Ukigusa 3x, simu nyingine zinahamia lenzi ya pembeni, unapiga picha ya ubavu wa darubini. Kuza kwa vidole kidogo tu, mpaka duara jeusi litoke kwenye fremu. Vile vikombe vya mpira vya jichoni vizungushe viingie ndani kwanza, halafu uvitoe taratibu hadi picha ijae.

Jicho Moja: Lakini kwa nini macho mawili? Simu inatumia upande mmoja tu. Achukue darubini ya jicho moja yenye lenzi ya milimita 60 au 80, aiweke kwenye stendi, atapata picha ambazo hizo hazitampa.

Mama Tai: Akitembea nayo porini atamfuata ndege saa ngapi? Ameshasema anataka kutazamia pia.

Jicho Moja: Kichwa cha habari ni picha, mama.

Mwewe: Napiga ndege, na mwezi pia. Stendi sina.

Kipanga: Mwezi uegemeze darubini ukutani. Gusa mwezi kwenye kioo cha simu, shikilia hadi fokasi ijifunge, shusha mwanga mpaka mashimo yaonekane, la sivyo utapata duara jeupe tupu. Weka taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise.

Mama Tai: Na jua usilielekee hata kwa utani. Linachoma jicho na kamera pia.

Kurunzi: Simu ni ipi sasa? Yenye kamera zilizobanana kwenye kona ina vishikio vinavyoigomea.

Mwewe: Asanteni. Nimeona pia 8x32, nyepesi kuliko za 42. Hiyo mnaionaje?

Kipanga: Inatoa milimita 4, karibu sawa na 10x42 yangu.

Mama Tai: Mchana sawa. Jioni ndege wakirudi kulala, utaitamani 42.