Maganda ya risasi za .308 yaliyopigwa mara moja: nianzie wapi kabla ya kuyajaza upya?

Mlenga Mbali:
Wakuu, salaam. Nina maganda 200 ya .308 Winchester yaliyopigwa mara moja. Nusu yametoka kwenye bunduki yangu ya bolti. Nusu ni ya kijeshi, 7.62x51, na bunduki iliyoyapiga siijui. Nalenga shabaha ya mita 600. Vifaa nilivyonavyo ni presi, kalibu ya kubana ganda zima lirudi kwenye vipimo vyake, kalipa ya kupimia na trima ya mkono ya kupunguzia urefu.

Kinachonitatiza ni kwamba baadhi ya maganda, nikishayapitisha kwenye kalibu, bolti inafunga kwa shida kuliko hata kabla sijayabana. Inakuwaje? Halafu katika hatua zote zinazotajwa, zipi ni za lazima na zipi ni mbwembwe?

Fundi Kalibu:
Hilo la bolti lina sababu yake, mkuu. Kalibu huanza kubana kiwiliwili cha ganda kabla haijagusa bega, yaani mteremko ulio kati ya kiwiliwili na shingo. Shaba ikibanwa ubavuni haina pa kwenda ila mbele, kwa hiyo bega linasogea mbele. Ukiishia hapo, ganda linakuwa refu kuliko lilivyotoka kwenye chemba, yaani nafasi ya bunduki ganda linamoketi. Zungusha kalibu ishuke kidogo kidogo, kama sehemu ya nane ya mzunguko na hata chini ya hapo, mpaka bega lianze kurudi.

Lakini usishushe kwa kukisia. Nunua kipimio cha bega kinachofungwa kwenye kalipa, ndicho kifaa kinachokosekana kwenye orodha yako. Pima maganda kumi yaliyopigwa kwenye bunduki yako, praima (kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti) zikiwa zimeng'olewa, maana praima iliyovimba hudanganya kipimo. Chukua kile kirefu zaidi, kisha rudisha bega kwa mm 0.03 hadi 0.05. Kwa bunduki ya kujijaza yenyewe ungeacha mm 0.08 hadi 0.13, ila yako ni ya bolti.

Angalizo: ganda lililopigwa mara moja mara nyingi halijajaza chemba sawasawa. Pima tena baada ya kupigwa mara ya pili na ya tatu. Ukitaka uhakika, toa pini ya kufyatulia na springi ya kutemea ganda kwenye bolti, kisha ingiza ganda tupu lisilo na praima. Mkono wa bolti ukidondoka wenyewe, bega limerudi vya kutosha.

Ukirudisha bega kupita kiasi, kila mlio unalivuta ganda karibu na kitako, na hapo ndipo linapokatika. Chukua waya mwembamba, pinda ncha yake kidogo na uinoe, uikwaruze ndani ya ganda kuelekea chini. Ikikwama kwenye mfereji karibu na kitako, ganda hilo ni la kutupa. Dalili ya nje ni pete inayong'aa, takriban mm 5 hadi 10 juu ya kitako.

Mama Shabaha:
Naongezea kuhusu ya kijeshi. Kwanza tazama ndani kwa tochi: tundu moja katikati, endelea, matundu mawili madogo, weka kando, yatakuvunjia pini ya kung'olea praima. Pili, praima za kijeshi hubanwa ukingoni. Baada ya kuing'oa, ondoa ule ukingo kwa rima (kifaa cha kukwangua tundu) au kwa kifaa cha kuusukuma, la sivyo praima mpya itaingia imepinda au itapondeka. Tatu, usiyachanganye na yale mengine hata siku moja. Mengi yana kuta nene, nafasi ya ndani ni ndogo, na kipimo kilekile cha baruti hutoa shinikizo kubwa zaidi. Yaanzishe upya na kipimo cha chini cha kitabu cha ujazaji.

Usafishaji: magunzi ya mahindi yaliyosagwa kwenye mashine ya kutikisa yanatosha. Usitumie dawa ya kung'arishia yenye amonia, inaifanya shaba nyeupe ipasuke. Vumbi linalobaki lina madini ya risasi (ledi) kutoka kwenye praima, kwa hiyo fanyia nje ya jikoni na unawe mikono.

Mafuta ya kulainisha: utando mwembamba kiwiliwilini, kidogo sana ndani ya shingo, na begani usipake. Mafuta yakijikusanya hapo hayana pa kutokea, yanabonyeza shaba. Yakipungua kiwiliwilini, ganda linanasa kwenye kalibu na ukilazimisha unang'oa ukingo wa kitako.

Fundi Kalibu:
Kupunguza urefu ni baada ya kubana, si kabla, kwa sababu kubana kunarefusha. Kikomo cha .308 ni mm 51.18, kata hadi 50.93. Likizidi, mdomo unabanwa mwisho wa chemba, unakishika kichwa cha risasi, na shinikizo linapanda. Kisha ondoa makali ndani na nje, kidogo tu. Si lazima mdomo uwe kama wembe.

Mlenga Mbali:
Nimewaelewa. Na kuchoma shingo kwa moto ili shaba ilainike? Na kupima uzito wa maganda?

Mama Shabaha:
Kuchoma kuna faida: shaba iliyokakamaa hutanuka tena kidogo baada ya kubanwa, mshiko wa shingo unatofautiana, na kasi inatofautiana nao. Choma shingo na bega tu. Kitako kikilainika, ganda si salama tena, litupe. Fanya kwenye mwanga hafifu na utoe kwenye moto mara tu mwali unapoanza kugeuka wa machungwa.

Uzito ni mbwembwe kwa mita 600. Muda huo utumie kwenye shingo: mandreli (pini ya kutanua shingo) inayoacha tundu dogo kuliko kichwa cha risasi kwa mm 0.05, na praima iketi chini ya uso wa kitako kwa mm 0.05 hadi 0.13. Ipapase kwa kidole kila ganda; ukihisi imechomoza, usilijaze.