Mbwa wa kuokolewa, mtoto wa shefadi au koko aliyejileta: tumchukue yupi?

BabaWawili
Ndugu wanajukwaa, salamu. Nyumbani kwangu tumekubaliana kufuga mbwa, lakini hatujakubaliana ni mbwa gani, na kila jioni tukimaliza kula tunaondoka mezani kila mtu na lake. Wa kwanza ni jike mzima, chotara wa rangi ya kahawia aliyekatika ncha ya sikio la kushoto, ambaye tulimkuta mtaa wa Karen, Nairobi, katika makazi ya wanyama ya chama cha KSPCA. Anakadiriwa kuwa na miaka minne, amechanjwa na kufungwa kizazi, na mwanangu mdogo alipochuchumaa mbele ya wavu alisogea akajilaza ubavu bila kubweka. Wa pili ni mtoto wa shefadi mwenye wiki sita, ambaye mfugaji anamuuza kwa shilingi 35,000 na anasema nisipolipa kabla ya Ijumaa atampa mtu mwingine. Wa tatu ni koko aliyejileta mwenyewe. Tangu mvua za Aprili analala chini ya lori bovu la jirani, na mke wangu humwekea makombo. Naomba mnisaidie kulinganisha.

Mkaazi_wa_Juja
Ndugu, umetueleza sikio la mbwa ukaacha kutueleza nyumba. Je, hapo ni kwako au umepanga? Ua una ukuta, au ni michongoma ambayo mbwa ataipenya siku ya kwanza? Watoto wana umri gani, nani hubaki nyumbani mchana, na huyo mbwa mnamtaka kwa ulinzi au kwa ajili ya kucheza na watoto? Bila majibu hayo kila mmoja wetu hapa atakusifia mbwa wake mwenyewe.

Shefadi_Pekee
Basi nami naanza kumsifia wangu, kwa kuwa nina sababu. Nimefuga shefadi kwa miaka 16. Unamwona mama yake, unamwona baba yake, unajua atakuwa na umbo gani, na ukimfundisha tangu mdogo anashika. Mbwa wa makazi ni kama gari lililokwisha kutumika: huenda injini ni nzima, lakini anayekukabidhi ufunguo hajui lilikopita. Isitoshe, mwizi akisikia shefadi akibweka hahitaji kuelezwa zaidi.

Dkt_Kupe
Mimi ni daktari wa mifugo na sehemu kubwa ya wagonjwa wangu ni mbwa wa mjini. Bwana Shefadi, nakubaliana nawe juu ya akili ya mbwa hao, lakini umesahau nyonga. Ugonjwa wa nyonga kulegea hurithiwa, na shefadi ni miongoni mwa wanaoupata sana, kwa hiyo aliyewaona mama na baba wakisimama uani bado hajaona picha za eksirei za nyonga zao. Ama kuhusu hizo wiki sita, mtoto wa mbwa hatakiwi kumwacha mama yake kabla ya wiki nane, na mfugaji anayemharakisha mnunuzi namna hiyo ananitia shaka kuliko koko yeyote. Chanjo za mtoto huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afikishe wiki 16, na ile ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi mitatu kisha kila mwaka. Zote hizo zihesabu juu ya zile 35,000. Jike wa Karen amekwisha kuivuka hatua hiyo, tabia yake inaonekana, na hatakua zaidi ya mlivyomwona. Hukutuambia, Baba Wawili, kama huyo koko ni jike au dume.

NyanyaTausi
Wanangu, niacheni niseme yaliyonipata. Mwaka juzi niliwanunulia wajukuu mtoto wa mbwa kutoka kwa kijana aliyekuwa akiwauza kando ya barabara, amewapanga ndani ya kreti ya nyanya. Alinipa kadi ya chanjo yenye mihuri miwili, nami nikaridhika na mihuri bila kujiuliza kwa nini yote miwili ilipigwa tarehe moja. Siku ya tatu mtoto alikataa maziwa. Usiku akaanza kutapika povu la njano, na asubuhi nilipofungua mlango wa stoo nilipokewa na harufu ambayo sijaisahau hadi leo, kwa sababu alikuwa ameharisha damu tupu kwenye gunia lote nililomtandikia. Tulimkimbiza kwa daktari ndani ya boksi la sabuni, akawekewa dripu mguuni, mjukuu wangu wa miaka saba akiwa amemshika sikio muda wote. Daktari alisema ni pavo, ugonjwa wa virusi unaowapata mbwa. Alikufa usiku wa tano, na fedha nilizolipa kliniki zilikuwa mara tatu ya bei yake.

Kibaya zaidi ni kwamba baada ya miezi minne tulichukua mwingine, wa jamaa tunayemwamini, naye akaugua vilevile katika stoo ileile, maana hakuna aliyenieleza kwamba virusi hivyo hukaa sakafuni na udongoni kwa miezi mingi, hata mwaka, na kwamba sabuni ya kawaida haiviui. Huyo alipona kwa taabu, na kwa sasa anaishi na dada yangu. Siku hizi nasugua kwa jiki, na mtoto wa mbwa simtaki tena. Nina jike mzima tuliyempata kwenye makazi, ingawa wiki tatu za kwanza nilidhani nimeletewa sanamu: alijificha nyuma ya tangi la maji, na kila dada wa kazi aliposhika ufagio alijibwaga chini akajikojolea. Tuliacha kufagia mbele yake. Ilipokaribia miezi mitatu akaanza kunifuata hadi kwenye banda la kuku.

Mkaazi_wa_Juja
Pole sana, Nyanya. Na ufagio je, bado anauogopa?

NyanyaTausi
Sasa anauiba na kuulalia.

BabaWawili
Naomba radhi kwa kuyaacha mambo ambayo sikudhani yana uzito. Tumepanga Ongata Rongai, nyumba ya chini yenye ua wa ukuta, na mwenye nyumba anaruhusu mbwa mmoja tu. Watoto wana miaka 11 na 4. Mchana hubaki dada wa kazi, ambaye huwaogopa mbwa kiasi cha kuvuka barabara. Ulinzi tunautaka, lakini si ule wa kumzuia mgeni asishuke kwenye gari lake. Kuna jingine: mama mkwe wangu ni mtu wa Lamu, wa swala tano, na kila mwaka huja kukaa nasi miezi miwili. Daktari, koko ni jike. Siku hizi amenenepa sana, na tulikuwa tukijipongeza kwa yale makombo.

Dkt_Kupe
Makombo hayanenepeshi tumbo peke yake. Zitazame chuchu zake. Zikiwa zimevimba na kuwa nyekundu, basi huenda ana mimba. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63.

Bi_Kisauni
Kaka, hilo la mama mkwe lisikutishe, lakini pia usilipuuze. Sisi watu wa pwani wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafi, ambayo huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wafuasi wa Malik wana mtazamo mwepesi zaidi. Mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwinda wana ruhusa yao, na Kurani yenyewe inawataja wanyama wa kuwindia waliofundishwa katika Sura ya Al-Maida, na yule mbwa wa watu wa pangoni katika Sura ya Al-Kahf. Mjengee kibanda uani, mbali na kamba ya nguo na mbali na mlango anaoutumia mama akitoka kutawadha. Bakuli lake lisiingie jikoni, na huyo mtoto wa miaka minne afundishwe kunawa kabla ya kumrukia bibi yake. Nawajua mama zetu: swali lake la kwanza halitakuwa la fikihi, atauliza ni nani aliyeleta jambo hili nyumbani bila kumwambia. Mpigie simu leo.

Shefadi_Pekee
Bi Kisauni amenisaidia bila kukusudia. Mbwa anayekaa kwenye kibanda chake na kumtii bwana wake ni yule aliyefundishwa tangu mdogo. Koko hajui mpaka wa jikoni. Na kichaa cha mbwa mnakisahau vipi, ilhali koko huyu ameshinda barabarani tangu Aprili?

Dkt_Kupe
Kichaa cha mbwa hakiulizi ukoo. Humpata yeyote ambaye hajachanjwa, hata awe na hati za mababu watano. Ugonjwa huu uliripotiwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa pembezoni mwa Nairobi, na lengo la taifa ni kwamba ifikapo 2030 asife mtu tena kwa kichaa kinachoambukizwa na mbwa. Ili mnyororo wa maambukizi ukatike, inabidi mbwa saba kati ya kila kumi wawe wamechanjwa, koko wakiwemo, kwa hiyo mke wa Baba Wawili akimpeleka huyu kuchanjwa atakuwa amewakinga majirani wote. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa asiyejulikana, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa dalili zikishaanza hakuna tiba. Watoto wako wafundishwe hilo hata mkimchukua wa Karen.

Mkaazi_wa_Juja
Hakuna aliyegusa chakula, nacho ndicho cha kila siku. Wangu anakula ugali na omena na ana manyoya yanayong'aa kuliko ya wanaolishwa chakula cha mfuko.

Shefadi_Pekee
Ugali ni wa kushibisha, Bwana Juja, haujengi mfupa. Mtoto wa shefadi akilishwa ugali miguu yake hupinda.

NyanyaTausi
Miguu ya wa kwangu haijapinda, ila mimi huongeza matumbo na sukuma wiki, na sitii kitunguu wala chumvi. Kitunguu ni sumu kwao; niliambiwa nikadhani ni uzushi, nikauliza, nikathibitishiwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo usiwape, hupasuka kama vijiti vya meno.

Dkt_Kupe
Nyanya yuko sahihi kuhusu vyote viwili. Mtoto anayekua namshauria chakula cha mfuko kilichotengenezwa kwa umri wake. Mbwa mzima anaweza kuishi vizuri kwa ugali ikiwa nyama au samaki si wa kunusisha tu.

BabaWawili
Narudi baada ya siku nane. Ijumaa ilipita na sikulipa. Mfugaji amenipigia mara mbili akishusha bei, ya mwisho ikiwa 22,000. Mama mkwe tulimpigia simu, akauliza kama huyo mbwa atafungwa usiku, tukamwambia usiku ndipo atakapofunguliwa, akanyamaza kidogo kisha akauliza habari za watoto, jambo ambalo mke wangu analihesabu kuwa kibali. Karen wamekubali kutukabidhi jike wa kahawia. Dada wa kazi alikwenda nasi safari hii. Alisimama mbali kwa dakika 20, halafu akarusha kipande cha mandazi kupitia wavu.

Nilikuwa nimekwisha kuamua. Jana usiku, mvua ilipokatika, mke wangu alichukua tochi akaenda kwenye lori. Koko amejilaza juu ya kipande cha turubai, na alipomulikwa hakuinuka, alikunja tu midomo. Tumehesabu watoto watano, mmoja mweupe kabisa. Mwenye nyumba anaruhusu mbwa mmoja, na huyo wa Karen tumeambiwa tumfuate Jumamosi.

Dkt_Kupe
Msiwahamishe na msiwashike siku hizi za mwanzo, maana hata mbwa mpole huuma akiwa na watoto wachanga. Mwongezeeni chakula na maji, sogezeni turubai kuziba upande wa mvua, na watoto wenu wasikaribie. Dawa ya minyoo kwa wadogo huanza wakiwa na wiki mbili. Mama akishawaachisha kunyonya, nileteeni nimfunge kizazi.

Bi_Kisauni
Jirani mwenye lori anasemaje? Huenda yeye hana mwenye nyumba wa kumbana.

BabaWawili
Jirani yuko safarini Kisumu hadi mwisho wa mwezi. Hajui kwamba lori lake lina wapangaji.

Shefadi_Pekee
Kati ya hao watano kuna dume mwenye miguu minene? Nina kishamba changu Kajiado. Naulizia tu.

NyanyaTausi
Wiki nane, Bwana Shefadi. Na kwanza tuonyeshe kibanda.