Gumzo la ukoo: pumba za wanakondoo

Shangazi wa Wete: Assalaam alaykum jamaa. Ami, wanakondoo wetu wananitia mashaka. Hutiliwa pumba kwenye karai kabla ya kufunguliwa, na wakifika bondeni hung'ata majani kidogo, kisha hulala chini ya mwembe hadi Alasiri, halafu hurudi mbio bandani wakililia karai. Matumbo yamejaa, lakini ukiwapapasa mgongoni unahesabu mifupa.

Ami: Waalaykumu ssalaam, dada yangu. Mnyama aliyeshiba pumba asubuhi hana haja ya kuhangaika na majani, kwa hiyo zile pumba zinashika nafasi ya malisho badala ya kuyaongezea. Tena wanga mwingi unaoingia kwa mara moja huzalisha asidi tumboni na kudhoofisha vijidudu vinavyomeng'enya nyuzinyuzi, hata yale majani machache anayokula yasimfae ipasavyo. Watoke na njaa umande ukishakauka, maana mabuu ya minyoo hupanda kwenye majani yenye unyevu, na pumba wapewe kidogo jioni wakirudi.

Kijana wa Konde: Ami, si bora tuziache kabisa?

Ami: Wakati wa masika ungeweza, mwanangu, kwa sababu majani machanga yana protini ya kutosha. Mpunga ukishavunwa na bonde likakauka, kinachobaki ni mabua magumu, na hapo majani ya lukina, mti wa jamii ya kunde wenye majani ya protini nyingi, huwapa vile vijidudu nguvu ya kuyameng'enya, hata mnyama akala mabua mengi zaidi kuliko asiyepewa kitu. Pumba nyingi humpunguzia hamu ya malisho. Protini kidogo humwongezea. Lakini lukina isizidi thuluthi ya chakula chake, kwani ina mimosini, sumu inayonyonyoa manyoya.

Mjomba wa Chake: Na machicha ya nazi?

Ami: Yanafaa yakiwa mabichi ya siku ile ile na kwa kiasi kidogo, kwa sababu mafuta yakizidi nayo huzuia nyuzinyuzi kumeng'enywa. Yaliyoota ukungu yatupwe.

Shangazi wa Wete: Wapo na wadogo ambao bado wananyonya.

Ami: Hao wazungushie ua wenye mwanya ambao mwana anapenya na mama hapenyi, na kuanzia wiki ya 2 uwawekee humo pumba chache na majani laini. Kondoo ana matumbo manne, na maziwa hupita moja kwa moja hadi la nne. Chakula kikavu kinachochachuka ndani ya tumbo kubwa, lile la kwanza, ndicho kinacholikuza. Maziwa ya mama hufika kilele wiki ya 3 au ya 4, kisha hupungua, na mwana ambaye tumbo lake kubwa halijakomaa hudumaa wakati huo. Nawaombeni pia muwapime kila wiki asubuhi, kabla hawajala, ili uzito wa chakula kilichomo tumboni usituchanganye.

Kijana wa Konde: Mizani ya karafuu ipo kwetu, Shangazi. Nitakuletea Ijumaa baada ya sala.